Heko kwa Taa Inayosita

Balbu ya LED haina haiba. Unabonyeza swichi, imewaka, basi. Hakuna aliyewahi kuishukuru, kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuitamani. Tyubu ya futi nne, ile ya zamani yenye choki na stata, inajua thamani yake. Unabonyeza swichi, inakonyeza mara moja na kunyamaza. Inakonyeza tena, ncha zinageuka rangi ya chungwa, halafu giza. Watu wote sebuleni wameinua shingo, kijiko cha wali kimesimama hewani. Mgeni rasmi wa kweli hafiki saa iliyoandikwa kwenye kadi, na tyubu ndiyo mgeni rasmi pekee anayekuja nyumbani kwako kila jioni.

Wenye haraka huiita mbovu. Huo ni uonevu. Ndani ya mrija ule hakuna waya unaopita kutoka ncha hadi ncha; kuna gesi na chembe ya zebaki, na gesi haikubali kupitisha umeme kirahisi. Volti 230 za ukutani peke yake hazitoshi kuishawishi. Ndipo stata, kile kikopo kidogo kilichojibanza ubavuni, inapoanza kazi. Ndani yake mna kibati cha metali mbili. Kikipata joto kinajikunja na kugusa mwenzake, umeme unapita kwenye nyuzi za ncha zote mbili za tyubu na kuzipasha moto. Kikipoa kinaachia ghafla, na papo hapo choki, ile koili iliyofichwa ndani ya fremu ya taa, inarusha volti mamia kadhaa kwa mpigo mmoja. Gesi ikikubali, taa imewaka. Ikikataa, stata haikasiriki wala haiongezi neno: inaanza upya. Kule kukonyeza kunakokuudhi ni maombi yako yakipelekwa tena na tena. Nitajie ofisi moja ambako karani hurudia kushughulikia faili lako bila kukwambia uje kesho.

Kisha tazama inavyokusanya watu. Friji likiharibika, kila mtu huondoka jikoni kwa huzuni. Tyubu ikigoma, baba anapanda juu ya stuli, mama anaishika stuli isitikisike, mtoto anakabidhiwa swichi, na nyumba inajaa amri: washa, zima, washa, nimesema zima! Bibi anapendekeza fagio. Mpini unagonga mrija mara mbili kwa upole, na taa inawaka kweli, kwa kuwa pini zilikuwa zimelegea kwenye holda na mtikisiko umezirudisha mahali pake. Kuanzia siku hiyo fagio lina cheo. Jirani naye hakosi kuchungulia mlangoni na hukumu yake ileile ya miaka yote: “Hiyo ni stata tu, mzee.”

Mara nyingi jirani yuko sahihi, na hapa ndipo nataka kuisifu tyubu bila mzaha. Sijui kifaa kingine cha nyumbani kinachosema wazi kinachokisumbua. Ncha zote zikiwaka mfululizo na katikati kukabaki giza, kibati cha stata kimegandana, hakiachii. Mafundi huichomoa stata hiyo taa ikiwa imewashwa, na tyubu huwaka palepale. Wewe zima umeme kwanza, izungushe robo mzunguko kinyume cha saa, itoke, uweke mpya. Ncha zikiwa nyeusi, uzee umefika: upako wa kwenye nyuzi umekwisha, na stata mpya utakayonunua itajichosha bure mpaka nayo ife. Nunua tyubu. Ikiwa hata haikonyezi, izungushe kwenye holda zake mpaka pini zikae sawa kabla ya kutafuta mchawi. Mlio wa kuvuma ni wa choki, na pengine inatosha kukaza skrubu zake. Harufu ya kuungua ni jambo jingine: zima, mwite fundi umeme.

Na ina kipaji cha ziada ambacho hailipwi. Saa moja usiku, mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, umeme hushuka, na tyubu ndiyo ya kwanza kugoma. Friji hulazimisha kwa kunung'unika huku kompresa yake ikichemka. Kwa hiyo tyubu ikigoma saa moja na kukubali saa sita za usiku, usikimbilie dukani. Stata ni nzima, umeme ndio mdogo, na friji lako linahitaji kuchomolewa. Makete na Njombe, mwezi Julai, hata umeme ukiwa mzuri tyubu hujivuta, kwa sababu baridi hupunguza mvuke wa zebaki. Inahisi hali ya hewa! Ya LED haihisi chochote.

Taa hizi zilianza kuuzwa na General Electric ya Marekani mwaka 1938, na zimekuwa zikisita duniani kote tangu hapo. Sasa zimehukumiwa. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi zilizomo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha kuzitengeneza, kuziagiza na kuziuza nje ifikapo 2027. Kosa lao ni zile miligramu chache za zebaki, na ingawa mimi ni wakili wao, sina utetezi: zebaki ni sumu. Ndiyo maana tyubu ikivunjika unafungua madirisha, unawatoa watoto, unazoa vipande kwa karatasi ngumu na kupangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Fagio, pamoja na cheo chake, safari hii likae mbali, maana linatawanya unga na zebaki chumba kizima.

Ukihamia tyubu ya LED, soma maelekezo yake: nyingi huja na stata yao bandia, ambayo ndani yake ni fyuzi tu, na ya zamani haifai tena. Wewe ambaye bado unayo ya zamani, weka stata mbili kwenye droo, maana huenda baadaye zikapatikana kwa shida. Na kabla hujapanda stuli, zima meni swichi.