Sufuria Isiyo na Mwonjaji

Mwaka 2025 Sikukuu ya Mtakatifu Patrick iliangukia Jumatatu, katikati ya Ramadhani. Hapa Boston tarehe 17 Machi ni siku ya mapumziko kwa ofisi za jiji, ijapokuwa kwenye makaratasi ya serikali mapumziko hayo ni ya kukumbuka jinsi jeshi la Waingereza lilivyouhama mji huu mwaka 1776. Mama mkwe wangu hajali makaratasi. Yeye ni kitukuu wa watu waliotoka Cork, Ireland, na kwake siku hiyo ni nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi, kabeji, viazi, karoti, na watoto wake wote mezani.

Mume wangu alisilimu kabla ya nikaha yetu. Nguruwe aliondoka, bia ikaondoka, na mama yake akavumilia mengi kimyakimya. Mlo huu mmoja haukulazimika kuondoka. Ndiyo maana naupika kila mwaka kwa moyo wote, na ndiyo maana yaliyotokea safari hii yalinitoa jasho.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kufunga na sisi. Nilipomweleza kwamba chakula chenyewe ni ndugu ya ile nyama ya kopo, akili yake ilikwenda moja kwa moja Kawe, kwenye kiwanda cha Tanganyika Packers, na lile kopo la kufunguliwa kwa ufunguo wake. Alitazamia kitu laini cha kupaka kwenye mkate. Akaona nimebeba pande zima la kidari, jekundu, linanukia giligilani na karafuu. "Hii si inataka kuwa pilau?" akauliza.

Mwezi wa Machi nyama iliyokwisha tiwa chumvi imejaa kila duka, lakini ya halali ni adimu, kwa hiyo hununua kidari kibichi kwa muuza nyama Mwislamu na kukiloweka mwenyewe. Humo ndani mna chumvi, sukari, kitunguu saumu, haradali, giligilani, karafuu, pilipili manga, na ile chumvi maalumu yenye nitriti ya sodiamu asilimia 6.25. Hiyo ya mwisho haina mchezo. Wenye viwanda huitia rangi ya waridi makusudi ili mtu asiichanganye na chumvi ya mezani, maana ukiinyunyiza kwenye chakula kama chumvi ya kawaida ni sumu. Kopo langu nimeliandika kwa wino mwekundu na kulipandisha rafu ya juu kabisa. Kazi yake ni mbili: kuwazuia bakteria wabaya wakati nyama imelala kwenye jokofu, na kuifanya ibaki nyekundu hata ikiiva.

Wekundu huo ndio uliozua yote.

Alasiri nikaiosha nyama, nikaibandika kwenye maji mapya, moto mdogo, maji yakitikisika tu bila kuchemka. Kidari ni misuli ya kifua inayobeba uzito wa mnyama, kimejaa kano. Kano hizo hulainika kwa joto la taratibu, saa tatu au zaidi kwa pande la kilo mbili. Ukikihimiza, nyuzi zinajikunja, zinakamua maji yote, na unabaki na kitu kikavu kinachokwama kwenye meno. Nikamwachia mama jiko, nikaenda Quincy kumchukua mama mkwe.

Barabara zilikuwa zimefunga. Huku nyuma mama akafunua mfuniko, akaona nyama nyekundu kama ilivyoingia. Akatazama saa. Magharibi siku ile ilikuwa saa moja kasoro dakika chache, na mwanawe ameacha kitu kibichi motoni na wageni wako njiani. Akafanya ambacho mama yeyote angefanya: akaongeza moto hadi mwisho, akatia chumvi kwa kukadiria kwa jicho, kwani alikuwa amefunga na hakutaka kuonja. Kisha akaiona kabeji pale mezani, akaikatakata nyembamba yote.

Mume wangu alipita jikoni. Alisikia sufuria inavyonguruma, na amekulia kwenye chakula hiki, anajua hakipikwi hivyo. Lakini aliyeshika mwiko ni mkwe wake. Akasalimia kwa adabu, akatoka.

Tuliporudi, mfuniko ulikuwa unarukaruka na dirisha limejaa mvuke.

"Mama, umetia chumvi?"

"Kiasi tu, mwanangu. Kwa macho tu, maji yalionekana hayana ladha."

"Kutoka kopo lipi?"

Alivyochelewa kujibu, miguu ilinilegea. Nilikuwa natazama rafu ya juu. Mama akafuata macho yangu, akashtuka, kisha akafungua kabati la chini akatoa pakiti nyeupe ya kawaida. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Ikabaki suala la chumvi yenyewe, na nyumba nzima imefunga. Mtu pekee aliyekuwa huru kuonja alikuwa mama mkwe. Kwaresima yake inamkataza nyama siku za Ijumaa, na hii ilikuwa Jumatatu. Akachota supu kwa kijiko, akapuliza, akaonja. Akanyamaza. Akanywa glasi nzima ya maji, kisha akatuomba radhi kwa kunywa mbele yetu.

Tukamwaga supu yote. Yeye akashika sufuria, mimi nikazuia nyama kwa mwiko, mama akachemsha maji mapya. Nyama ikarudi motoni, safari hii moto ukiwa chini kabisa, na mama mkwe akavuta kiti akakaa mbele ya jiko kama mlinzi. Adhana ikalia kwenye simu. Tukafungua kwa tende na uji wa pilipili manga, naye akapewa bakuli lake papo hapo alipokaa.

Baada ya swala ndipo akaiona kabeji. Kwao hukatwa robo robo, ikiwa bado imeshikana kwenye kikonyo, ikatumbukizwa kwenye supu dakika kumi na tano za mwisho. Hii ya mama ilikuwa imekatwa nyembamba kama ya kulia chapati. "Mkwe," mama akasema, nami nikitafsiri, "ya kuchemsha ina harufu ya hospitali." Kwa kiasi fulani alisema kweli: kabeji ikichemshwa kupita kiasi hutoa harufu ya salfa. Ikakaangwa kwa kitunguu na karoti.

Wakati kitunguu kinaiva mama akauliza kama huko Ireland nako wanakula hivi. Mama mkwe akatikisa kichwa. Bandari ya Cork ilisafirisha mapipa kwa mapipa ya nyama ya ng'ombe ya chumvi karne ya 17 na 18, lakini maskini wa pale hawakuionja. Wao, wakibahatika, walikula nguruwe. Walipokimbia njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 na kufika miji kama New York, wakawa majirani wa Wayahudi, wenye mabucha yasiyouza nguruwe, na kidari ndicho walichoweza kukimudu. Mama alisikiliza akiwa ameshika mwiko hewani. "Kumbe ni Wayahudi waliokulisha ng'ombe," akasema, "mpaka na mimi nikapata kula kwako." Mama mkwe alinitaka nitafsiri mara mbili.

Tulikula kuelekea saa tatu usiku. Kingo za nyama zilikuwa zimekakamaa kwa ule moto wa kwanza na zikachambuka nyuzi nyuzi. Katikati palikuwa pamelainika vizuri. Nilikata kukingamisha nyuzi, vipande vyembamba, na chumvi ilikuwa imekaa sawa. Kabeji ya mama iliisha kabla ya viazi. Zile kingo mama alizihifadhi, akazikaanga na viazi na pilipili kwa daku.

Mume wangu ameshatazama kalenda. Mwaka 2026 tarehe 17 Machi itatukuta tena ndani ya mfungo, kwa hiyo mama mkwe ameambiwa awe jikoni kwetu tangu adhuhuri, kijiko mkononi. Amekubali, kwa sharti kwamba nusu ya kabeji iachwe robo robo. Mama, kwa simu kutoka Dar, amesema robo moja inatosha.