Kalamu za Mgongoni

Mzee Nungunungu wa Litein alizaliwa na kalamu. Hazikuwa moja wala mbili: mgongo mzima ulijaa kalamu nyeusi kwa nyeupe, zenye ncha ambazo karani yeyote wa enzi ya wino angezitamani. Alitembea nazo, akalala nazo, na akikasirika alizitikisa zikalia kama maharagwe makavu ndani ya debe. Alizitumia kwa kila jambo isipokuwa kuandika.

Shamba lake lilikuwa ekari 9. Sita zilikuwa chai, zimeshuka mteremko hadi kijitoni. Mbili zilikuwa malisho. Ile moja ya juu, iliyopakana na barabara ya lami, ilikuwa na mahindi, mikaratusi na ugomvi wote wa familia, kwa kuwa kila mtu aliitaka. Mzee alikuwa na nyumba mbili, kama wengi wa rika lake. Nyumba kubwa ilikuwa na wana watatu. Nyumba ndogo ilikuwa na mabinti wanne watupu, na majirani hawakuchoka kumshauri mama yao aoe mke wa kumzalia mwana, kama desturi ya Wakipsigis inavyoruhusu, ili nyumba yake isizimike. Naye aliwajibu kwamba midomo aliyonayo inamtosha kulisha.

"Baba," kifungua mimba wa nyumba kubwa aliuliza jioni moja, "ekari ya juu ni ya nani?"

Mzee alikunywa mursik, akafuta mdomo, akatazama mawingu. "Mvua inakuja."

Na mvua ikaja, maana Kericho alasiri mvua haina haja ya kuagizwa. Hakuna aliyeweza kumwita mwongo.

Kijiji kilisema mzee anaogopa: ukiandika wosia umekiita kifo kwa jina. Mwenyewe alipenda waamini hivyo. Mimi sikubali. Kwa kutojua ekari ya juu ni ya nani, mwana wa kwanza alimnunulia blanketi, wa pili akamwezekea mabati mapya, wa tatu akawa anacheka hadithi zake hata zile za kuchosha. Mabinti walileta sukari. Wake wawili walishindana nani atamchemshia chai nzito zaidi. Siku ambayo ekari ile ingepata mwenyewe, vikombe kadhaa vingepoa. Ukimya ndio uliokuwa fimbo yake, na alijua kuishika.

Mara moja tu alisahau kuishika. Kwenye harusi fulani, kibuyu kilipozunguka mara ya tano, alimvuta Fisi sikio moja na Kanga jingine akawaambia: "Ekari ya juu ni ya nyumba ndogo. Nyinyi ni mashahidi." Sasa, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haiudharau wosia wa mdomo. Inataka mashahidi wawili au zaidi, na inataka msemaji afe ndani ya miezi mitatu. Mashahidi walikuwepo. Mzee ndiye hakuwa na adabu ya kufa kwa wakati. Aliishi miaka minne zaidi, na wosia wake ukamtangulia kaburini.

Ng'ambo ya kijito aliishi Mzee Hondohondo, ndege mwenye pembe juu ya mdomo na sauti ya punda. Ukoo huo una malezi yake. Mama huingia kwenye shimo la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu, na baba akawa analeta tunda moja moja na kulipenyeza. Hakuna mtoto wa hondohondo anayerushiwa mti mzima wa matunda siku moja. Labda ndiyo sababu mzee huyu hakupata shida kuelewa amana ni nini wakili Sungura alipoanza kumweleza.

Alikuwa na sababu nyingine. Mmoja wa vifaranga wake alizaliwa na bawa lililopinda, asingeweza kuruka wala kuchuma. Ukimpa huyo ekari mbili mkononi, atazungukwa na wajomba kabla jua halijatua. Kwa hiyo Hondohondo, akiwa hai na mwenye akili timamu, alizitoa ekari mbili za chai jinani mwake akaziweka kwenye amana ya familia, jambo ambalo Bunge lilikuwa limelipa nafasi yake rasmi kwa marekebisho ya mwaka 2021 ya sheria ya wadhamini. Wadhamini walikuwa wawili: binti yake mkubwa, na Mama Korongo, mhazini wa kanisa, ambaye sadaka ikipungua shilingi tano hulala macho. Chai ichumwe, malipo ya mwezi yamlishe mwenye bawa, bonasi ilipe hospitali, ardhi isiuzwe.

Mali iliyobaki akaiandikia wosia. Fisi alifika kabla wino haujakauka.

"Mzee, mimi nitakuwa shahidi wako. Na kwa sababu ya urafiki, niandikie hapo chini kambuzi kamoja."

Sungura alimweleza kwa upole kwamba mashahidi wawili wakimwona mzee akitia sahihi wanatosha, ila shahidi aliyeandikiwa zawadi huikosa, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na chao ndani. Ghafla Fisi akakumbuka ana matanga Sotik.

Kijiji kilimcheka Hondohondo, kikamwita mchimba kaburi lake. "Nimeandika mara tatu," aliwajibu, "kila nikibadili mawazo nauandika upya. Sijafa hata mara moja."

Alikufa, bila shaka. Wazee hawa wawili walikwenda msimu mmoja, ule ambao mvua ya mawe iliparura chai mpaka vichaka vikabaki vijiti.

Nisiseme uongo kwamba upande wa Hondohondo palikuwa shwari. Wosia nao hupita mahakamani: wasii walipeleka maombi, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikaanza kuhesabiwa, na siku ya 29 kifungua mimba akajitokeza akilalamika kwamba kapewa kidogo. Sheria inampa mtegemezi aliyesahauliwa nafasi ya kuomba fungu la haki, wosia au hakuna wosia. Jaji Kobe alimsikiliza mpaka mwisho, na Kobe akisikiliza husikiliza. Kisha akasoma mstari ambao marehemu aliuandika kwa mkono: kinu cha kusaga mahindi kilichopo sokoni, kilichonunuliwa kwa bonasi za miaka miwili, tayari alikwisha kumpa kijana huyo. Yakaisha. Wakati huohuo zile ekari mbili za mwenye bawa hazikumngoja jaji, kwa kuwa hazikuwa za marehemu tena. Jumatatu baada ya maziko, kikapu kilipimwa kama kawaida.

Kwa Nungunungu kikapu hakikupimwa. Namba ya mkulima ilikuwa kwa jina la maiti, na akaunti ya benki vilevile. Mahakama ingeweza kutoa kibali cha muda cha kukusanya na kutunza mali, lakini kibali hupewa mtu, na familia haikukubaliana ni mtu gani. Baba mdogo alikwenda kwa Chifu Bundi kuchukua ile barua ya kutaja warithi, akataja wana watatu na mke mmoja. Nyumba ndogo hakuiona, ingawa alikuwa amekula kwake mchana huohuo. Kisha akakata mikaratusi ya ekari ya juu akauza nguzo. Kugusa mali ya marehemu bila kibali ni kosa, faini yake hadi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nguzo zilimwingizia zaidi ya hizo, na hesabu ya aina hiyo baba wadogo huijua tangu tumboni.

Mabinti wanne walishuka Kericho mjini na mama yao kuweka pingamizi. Fisi alishuka nao. Alikuwa shahidi wa harusini, tena kwa pande zote mbili: asubuhi alikumbuka "nyumba ndogo", jioni akakumbuka "nyumba kubwa", kutegemea nani kalipa chakula cha mchana.

Kesi ikaenda. Kobe hana kosa hapo, mafaili yalikuwa mengi kuliko meza. Wana walisema mabinti wataolewa, wapewe kidogo cha heshima. Wakili wao hakuwa amesoma, au alisoma akanyamaza, kwamba hoja hiyohiyo ilishafika Mahakama ya Rufani, Eldoret, mwaka 2005, katika boma la Kikalenjin la wake wawili, na majaji wakakataa kumpunguzia binti kwa sababu ya ndoa ambayo huenda hata haipo. Hukumu ilipotoka ilikuwa hesabu ya mtoto wa shule. Asipoacha wosia mwenye wake wengi, mali hugawiwa kwanza kwa nyumba, kwa idadi ya watoto, na kila mjane huongezwa kama kichwa kimoja. Wana watatu na mama yao, vichwa vinne. Mabinti wanne na mama yao, vichwa vitano. Ekari 9. Nyumba kubwa ilihesabu vidole mara tatu, ikidhani karani amekosea.

Walichosahau wote ni kwamba mchai ni mti. Hukaa kiunoni kwa sababu tu kuna mkono unaouchuma kila wiki mbili na panga linaloukata kila baada ya miaka michache. Ukiuacha, haukungoji. Kinyonga, mpimaji ardhi, alipofika na kamba yake, hatua moja mbele na moja nyuma, hakukuta mistari wala bikoni. Alikuta kivuli, matawi yamefungana juu ya kichwa chake, maua meupe ya chai ambayo watu wengi wa Litein hawajawahi kuyaona, na mbega ishirini wamekaa matawini wakining'iniza mikia.

"Mnatafuta nini msituni kwetu?" mbega mkubwa aliuliza.

"Shamba la Mzee Nungunungu."

Mbega walitazamana. Hawakuwahi kusikia jina hilo. Mmoja wao alikuwa na unyoya mrefu mweusi kwa mweupe aliouokota shinani, anachokonolea meno.

"Hapa ni kwetu tangu babu," alisema yule mkubwa. "Kama mna madai, twendeni mahakamani."

Kinyonga akageuza jicho moja kwa nyumba kubwa, jingine kwa nyumba ndogo. Chini ya mti, Fisi alikuwa ameshakaa, amekunja miguu, akiwauliza mbega kama wana shahidi.