ZZ Haitaki Maji Yako

Anayeua ZZ ni mtu mwema. Mtu wa safari, mtu mzito wa mambo ya nyumbani, mtu anayesahau kulipia king'amuzi hadi kinakatika katikati ya mechi, hao ZZ zao zimenawiri hadi zinagusa pazia. Inayokufa ni ya yule anayeipenda, anayeamka asubuhi na kopo mkononi kabla hata hajanywa chai. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na shabaha yake ni kumpokonya kopo.

ZZ unaijua hata kama jina hulijui. Ndiyo ile ya kwenye korido ya benki, mapokezi ya hoteli na chumba cha kusubiria daktari wa meno: vijiti vinene vilivyonyooka kutoka kwenye chungu, vijani vya kijani iliyokolea vimepangana huku na huku, vinang'aa vyenyewe bila kufutwa. Kitaalamu inaitwa Zamioculcas zamiifolia, na kwa jina hilo mtu hawezi kulaumiwa kwa kulifupisha.

Kabla hujaileta ndani, ijue kwao. Kwao ni hapa. Pori lake linaanzia Kenya, linashuka Tanzania bara na Zanzibar, linapita Malawi, Msumbiji na Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Loddiges, wauza mimea wa London, waliichapisha mwaka 1829 chini ya jina jingine. Mwaka 1856 Heinrich Schott wa Austria akaitengea jenasi yake, na mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler akalifikisha jina hapa lilipo. Halafu ikakaa kimya kwenye bustani za wataalamu hadi mwaka 1996, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuizalisha kwa wingi na kuisambaza duniani. Leo mtu wa Kibaha anatoa noti nzima-nzima kununua mmea ambao huenda bibi yake aliupita kila siku akienda kuchanja kuni. Ainunue, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni pale anapoileta nyumbani na kuitunza kana kwamba imetoka kwenye bwawa.

Imetoka kwenye nyika na misitu mikavu, kwenye udongo wa mawe na kichanga unaonyeshewa masika, ukanyeshewa tena vuli, na katikati hapo ukakauka kabisa. Mwili wake wote umeundwa kwa ajili ya kipindi hicho cha katikati. Siku ukiihamisha chungu, chimbua taratibu uangalie. Utakuta vinundu vya rangi ya udongo, vimevimba na kubanana kama viazi mviringo ndani ya gunia. Hilo ndilo shina lake, limelala chini. Vile vijiti vya juu unavyoviita mashina, kila kimoja ni jani moja zima, na vijani vyake ni vipande vya jani hilo. Zaidi ya asilimia 90 ya jani ni maji. Ukame ukizidi, mmea unafunga matundu ya majani mchana na kuvuta hewa usiku ili maji yasipotee. Ukizidi zaidi, unaangusha vijani na kubaki na vinundu vyake chini, ukisubiri mvua. Sasa mmea wa namna hiyo, wewe unaumwagilia kila asubuhi. Unataka uyapeleke wapi hayo maji?

Kwa hiyo chukua kijiti cha mishikaki. Kichomeke kwenye udongo hadi karibu na kitako cha chungu, kihesabie hadi kumi, kichomoe. Kikitoka na udongo umenata, rudisha kopo jikoni ukaendelee na shughuli zako. Kikitoka kikavu, subiri siku mbili tatu, ndipo umwagilie. Ukimwagilia, mwagilia kweli: maji yapite hadi yatoke kwa chini, kisha yaliyobaki kwenye kisahani yamwage. Vijiko viwili kila siku ni mateso, kwa sababu juu panalowa, chini hapakauki, na kuoza kunaanzia chini. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, mara moja kwa wiki mbili au tatu inatosha. Kipupwe kikiingia, au kama imekaa pembeni kwenye mwanga hafifu, mwezi mzima unaweza kupita na isikose kitu.

Hatari kubwa zaidi ni siku majani yanapoanza kugeuka manjano. Mtu mwema akiona manjano anasema masikini, ina kiu, anaongeza maji, na hapo ndipo anapoimaliza. Yenye kiu utaijua: kijiti kinasinyaa, kinafanya mikunjo, bado ni kigumu ukikibonyeza. Iliyoshiba maji inalainika pale kijiti kinapoingia udongoni, inateleza kidoleni, na ukiinama unasikia harufu. Ukifika hapo ing'oe siku hiyo hiyo. Kata kila kilichooza kwa kisu safi, vinundu vizima viache kivulini siku kadhaa vikauke vidonda, uvipande kwenye udongo mpya. Usivimwagilie siku hiyo. Najua mkono unawasha. Usivimwagilie.

ZZ ya ofisini inataka kanuni yake, kwa sababu kila mmoja ofisini ni mwema. Kikao kikiisha, chupa sita za maji zimebaki nusu, na kila mwenye chupa anapita pale kwenye kona akiimwagia iliyobaki. Dada wa usafi anamwagia asubuhi kwa sababu ni kazi yake. Mlinzi wa usiku anamwagia kwa huruma. Yupo pia mtu wa uhasibu anayemwagia chai ya maziwa iliyopoa, sukari na kila kitu, akiamini ni mbolea. Teueni mtu mmoja, aandikwe jina, wengine wote wanywe maji yao wayamalize.

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Wauzaji wengi hutumbukiza chungu cha plastiki chenye matundu ndani ya kingine cha kupendeza kisicho na tundu hata moja, na pale katikati maji yanatuama usiyaone hadi mmea unapoanguka. Chungu cha ndani kitoe wakati wa kumwagilia, kichuruzike, kisha ukirudishe. Ndoo ya rangi iliyotobolewa kwa msumari wa moto ni chungu kizuri kuliko kauri ya bei mbaya isiyopitisha maji, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Udongo mweusi mtupu unashikilia maji mno, kwa hiyo changanya na mchanga wa mto, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na chenga za mkaa. Samadi iwe kidogo na iwe imeoza kabisa.

Kuhusu mwanga, watu wameambiwa inapenda giza, wakaiweka chooni nyuma ya mlango. Inalivumilia giza, haijasema inalipenda. Gizani inakaa miezi bila kufa na bila kuota jani. Iweke hatua chache kutoka dirishani, penye pazia jepesi, nawe utaona machipukizi yanatoboa udongo yakiwa yamejikunja, ya kijani changa inayoelekea manjano, kisha yanafunguka na kukolea. Jua la saa sita barazani litaiunguza mabaka ya kahawia ambayo hayafutiki.

Muuzaji atakwambia inasafisha hewa. Habari hizo zilipata nguvu kutokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989 yaliyofanyiwa mimea mbalimbali ndani ya visanduku vilivyofungwa, na sebule yako ina mlango, madirisha na watoto wanaoingia na kutoka. Ukitaka hewa safi fungua dirisha. ZZ inunue kwa sababu ni nzuri.

Utomvu wake unawasha. Ni wa ukoo mmoja na magimbi, na kinachowasha ni kile kile kinachokukwaruza koo ukila gimbi lisiloiva. Ukiikata nawa mikono kabla hujajigusa macho, na mtoto anayetambaa au paka anayetafuna kila kitu asiifikie. Wale wanaosema inaleta saratani, usiwabebee maneno. Vumbi likikaa kwenye majani lifute kwa kitambaa chenye maji matupu. Mafuta ya nazi yapake mwilini mwako, kwenye jani yanakusanya vumbi zaidi. Ukifuta chungulia na chini ya majani na kwenye maungio, ndiko wanakojificha vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga. Wakiwepo, maji ya sabuni na subira vitawaondoa.

Siku chungu cha plastiki kikianza kuvimba ubavu hadi kinapoteza umbo, vinundu vimejaa. Uhamishie mmea kwenye kingine kikubwa kidogo tu, au ugawe vinundu upate mimea miwili. Jirani akiona atataka mbegu. Usimpe kijiti kizima, mchumie kijani kimoja, mwelekeze akichomeke kwa upande wa kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, basi. Chini yake kitaota kinundu cha ukubwa wa punje ya mahindi, na jani la kwanza laweza kuchukua miezi mingi, pengine mwaka. Akikuuliza wiki ijayo mbona hakijaota, mjibu kwa upole. Akikiri kwamba amekifukua kuangalia, mpe kijani kingine, lakini safari hii chomeka mwenyewe, na kopo lake uondoke nalo.