Huyo Fadhy Anakaa Wapi?

Mtu akikuomba umtajie riwaya nzuri ya mapenzi, usidhani msomaji ni huyo mmoja uliyemwona. Uswahilini nyuma ya msomaji kuna mume, nyuma ya mume kuna mama mkwe, na nyuma ya mama mkwe kuna jirani asiyejua kitabu kinasema nini ila anajua vizuri kimetoka chumba gani. Hao ndio wa kuwaogopa. Msomaji mwenyewe huwa hana neno.

Nayasema haya nikiwa mpangaji wa Tandika, wilayani Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita, choo kimoja na siri sifuri. Nilihamia hapa kutoka Mwananyamala baada ya kodi za Kinondoni kunishinda, nikashusha begi la nguo na maboksi ya vitabu. Wapangaji wenzangu walidhani nimeleta viatu vya mtumba, wakaja wameshajipangia bei. Walipokuta ni vitabu, wengine waliguna wakaondoka. Waliobaki wakauliza swali lililozaa kesi zote nitakazozisimulia: "Ya mapenzi ipo?"

Ipo, tena ya kila namna. Wa kwanza kuazima alikuwa mke wa fundi wa kuchomelea mageti. Alitaka mapenzi ya siku hizi, ya watu wenye simu na foleni, si ya masultani. Nikampa *Huba* ya Fadhy Mtanga. Sasa, vitabu vyangu vyote huwa naandika jina langu na namba ya simu ukurasa wa kwanza, kikipotea kirudi. Jioni fundi akatoka kazini, akakikuta kitandani, akakifungua. Juu akasoma: Huba. Chini yake akasoma jina la mwanamume wa chumba cha uani, na namba ya simu.

Alikuja mlangoni kwangu na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso.

"Bwana, hii ni nini?"

"Riwaya, kaka."

"Naona. Huba. Halafu namba yako."

"Kaka, sijaandika mimi. Kaandika Fadhy Mtanga."

Akanitazama kwa muda. "Na huyo Fadhy anakaa wapi?"

Kesi ikafika kwa mjumbe. Mjumbe wetu ni mzee mstaafu wa bandarini, mtu wa haki, naye akasema hawezi kuhukumu kitu asichokijua, kwa hiyo kisomwe. Akakaa barazani, akakisoma kwa sauti ileile anayotangazia michango ya taka. Watu wakaongezeka. Muuza karanga akatua sinia. Mjumbe alipofika panapoanza kunoga, akakohoa, akairuka aya nzima. Akina mama wakapaza sauti: "Mzee, umeruka! Rudi!" Akafunga kitabu, akatangaza kwamba shauri limeahirishwa mpaka kesho, na kwamba kitabu kitabaki kwake kama kielelezo. Kipo huko mpaka leo. Kila nikikiulizia, naambiwa upelelezi haujakamilika.

Baada ya hapo nikaona nishike vitabu vyenye ulinzi, vilivyopita mikononi mwa walimu. Binti wa mama mwenye nyumba alipokuja, nikampa *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, ikasomeshwa kidato cha tano na cha sita, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kama filamu. Nani atagombana na kitabu cha mtihani? Humo kuna Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja ya enzi za mkoloni, anayeozwa akiwa na miaka kumi na mitano kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Yasmin anatoroka, halafu anakuja kumpenda Denge, mpigania uhuru ambaye polisi wa Mwingereza hawambanduki.

Binti alisoma mpaka maharage yakaungua. Kumbe, na hili hakuna aliyenidokeza, mama yake alikuwa amekwisha kupokea barua ya posa kutoka kwa mzee mmoja wa Mbagala mwenye malori. Jumapili washenga wakafika na kanzu zao zimenyooka. Binti akatoka, akawaamkia kwa adabu, akasema: "Shikamooni. Mwambieni Bwana Raza mimi sipo."

Washenga wakatazamana. "Bwana Raza ndiyo nani? Kwani kuna mwingine?"

Posa ikarudi Mbagala siku hiyohiyo. Mama mwenye nyumba akaniita uani, hakunikaribisha kiti. "Mwanangu, huyo Yasmin wako ndiye atakayenilipia mahari?"

"Mama, ile ni fasihi tu."

"Fasihi imekula malori yangu." Kodi ikapanda mwezi uliofuata. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Nikahama kwa wanawake, nikahamia kijiwe cha bodaboda, nikiamini kwamba mwanamume hawezi kuvunja posa kwa sababu ya kitabu. Vijana wakataka mapenzi yenye mpira ndani yake. Wamarekani na Waingereza wanazo nyingi za namna hiyo, nikawatajia *Icebreaker* ya Hannah Grace, ya 2022, iliyovuma sana TikTok: nahodha wa mpira wa magongo wa kwenye barafu na binti mcheza dansi ya kuteleza wanalazimika kutumia uwanja mmoja, wanagombana, kisha wanapendana.

"Juu ya barafu?" akauliza mmoja. "Likiyeyuka je?"

"Braza, Temeke hii barafu ni ya ukwaju, mia mbili. Tuletee ya kwetu."

Ya kwetu sikuwa nayo. Kwenye turubai za vitabu chakavu za Posta na Kariakoo wapelelezi nimekutana nao mpaka nimewachoka: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wote wanaume wasiolala kwao. Lakini mshambuliaji wa kati aliyependa sijamkuta. Na ajabu yake, tunaishi kilomita chache kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007 na unaobeba watu 60,000. Haiwezekani watu wote hao wanakwenda pale kuangalia mpira tu. Nikawaambia vijana nitawatungia hapohapo.

"Kijana wa Simba, binti wa Yanga," nikaanza. "Wanakutana kwenye daladala kuelekea Mkapa, tarehe 5 Novemba 2023."

Wa Yanga wakapiga makofi. Siku hiyo Yanga ilishinda 5-1. "Safi kabisa. Endelea."

"Hakuna kuendelea," akasema wa Simba, akizima pikipiki. "Mtu kafungwa tano, jioni hiyohiyo akabembeleze mtoto wa kike? Hana ukoo huyo? Anzia tarehe 6 Mei 2012." Siku hiyo ilikuwa Simba tano, Yanga bila. "Binti analia, kijana anampa leso, mapenzi yanaanza kwa utaratibu."

"Binti wa Yanga halii."

"Siku ile mlilia mpaka wanaume."

Mzee muuza kahawa akatua birika. Akasema mapenzi ya kweli katika nchi hii yalikuwa 1977, Simba sita, Yanga sifuri, Kibadeni akapiga matatu peke yake, na yeyote anayetaka kuandika riwaya aanzie hapo.

"Mzee, 1977 wahusika hawajazaliwa."

"Basi andikeni ya wazazi wao."

Wakati huo abiria wamesimama na hakuna pikipiki inayowashwa. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki wa Feri akavumilia, mwisho akauliza: "Sasa wanaoana au hawaoani? Samaki wangu wanaharibika." Hakujibiwa. Vijana wakahama kutoka kwenye mwaka wa kuanzia mapenzi wakaingia kwenye swali kubwa zaidi, la watoto watavaa jezi ya nani, na hapo mmoja akamvua mwenzake helmeti. Nikaondoka nikiwa nimeelewa kwa nini waandishi wetu, watu wasioogopa wauaji wala majasusi, hili eneo wanalizunguka. Mtunzi atakayeliingia atapoteza nusu ya wasomaji sura ya kwanza, na nusu iliyobaki siku ya harusi.

Lakini hayo yote yana nafuu ukiyalinganisha na mapenzi ya viumbe visivyo watu.

Dada wa saluni ya kona alikuwa ameziona filamu za *Twilight*, akasikia kuna vitabu, akakitaka cha kwanza, kile cha Stephenie Meyer cha mwaka 2005. Nilikuwa nacho cha mtumba, nikampelekea. Akaniomba nimsimulie kidogo huku anafanya kazi. Kwenye kiti alikuwepo mama mmoja anasukwa, kichwa nusu kimelala nusu kimesimama.

"Kuna binti anaitwa Bella," nikasema. "Kampenda kijana anaitwa Edward. Edward ni mnyonya damu."

"Mumiani?" mama akauliza.

Swali la haki kabisa. Enzi za mkoloni kuna watu waliokimbia magari ya zimamoto wakiamini yanabeba mumiani wanaowinda damu za watu. Nikamtuliza: huyu ni mstaarabu, anakunywa damu ya wanyama.

"Umri wake?"

"Zaidi ya miaka mia. Ila sura ya kijana wa kumi na saba."

"Chakula?"

"Hali."

Dada akasimamisha mkono, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya mchele. "Hapo ana unafuu kidogo."

"Na usiku," nikaendelea, "anaingia chumbani kwa Bella, anakaa anamwangalia alivyolala."

Mama akageuka ghafla, msuko ukamponyoka dada. "Huyo si mumiani. Huyo ni jini mahaba. Binti wa watu hataolewa huyo."

Nikamwambia anaolewa, tena na huyohuyo Edward. Mama akashika kifua. "Na wazazi wake wapo?"

Nikaona nisimtaje yule mwingine anayegeuka mbwa mwitu. Kwetu mtu akigeuka fisi anapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, hapewi mchumba. Huko Marekani hadithi ya namna hii inakaa kwenye rafu ya burudani. Temeke inakaa kwenye maelezo ya mgonjwa.

Dada akaenda nacho nyumbani. Alikuwa anataka kunyoosha Kiingereza chake, kwa hiyo alikisoma usiku kwa kunong'ona, na vyumba vyetu havina dari: cha kwanza kikicheka, cha nne kinaitikia. Bibi yake, upande wa pili wa ukuta, akasikia mjukuu asiyeolewa anaita saa saba za usiku, kwa sauti laini, "Edward... Edward..." Hakugonga mlango. Alingoja kukuche, akaita mtu wa dua.

Kitabu kilirudishwa kwangu na mtoto mdogo aliyekishika kwa ncha za vidole. Kilikuwa kimevimba maji, kurasa zimeshikana, kinanukia ubani na marashi ya waridi, na kimefungwa uzi mweusi. Uzi huo sijaufungua. Wenye kucheka wacheke, mimi chumba cha uani nalala peke yangu.

Tangu hapo, anayetaka mapenzi na majini nampa *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Majini wamo, mji wa watu waliogeuka mawe umo, binti mzuri anayeitwa Mwelekevu yumo, na ndugu wenye husuda wanageuzwa nyani. Bibi mwenyewe alisomewa, akaridhika. Alisema jini wa humo ana adabu, anageuza wanaostahili.

Nilidhani simu zingeniokoa. Siku hizi watunzi wengi wanauza hadithi zao WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, zinazofuata unatuma pesa kwanza. Hakuna jalada la mume kuliona, hakuna ukurasa wa kuandika namba. Hata utamu wa kukatiwa njiani si mgeni kwetu, magazeti ya Eric Shigongo yalishawafundisha watu kuishi kwa "itaendelea" muda mrefu kabla hajaingia bungeni mwaka 2020. Nikamwelekeza mama wa vitumbua. Asubuhi moja mchumba kashika kitasa, mlango unafunguka, hadithi ikakatika, na salio halitoshi. Wateja tulikula vitumbua vyeusi upande mmoja, na nauli ya mtoto wa shule ikanunua sehemu ya 11. Lawama unajua zilikuja kwa nani.

Juzi, saa nne usiku, mlango wangu ukagongwa taratibu. Nikachungulia: fundi wa mageti. Nikaanza kutafuta kwa macho kitu cha kujikingia.

"Kaka," akanong'ona. Hajawahi kuniita kaka. "Ile kesi yetu. Mjumbe kafika ukurasa wa ngapi?"

"Sijui. Hataki kukirudisha."

"Wanasema anawasomea wa kwake tu." Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Huyo Fadhy hana kingine?"

"Kipo. Kinaitwa *Fungate*."

Akafumba macho kidogo. "Hakina namba yako?"

"Nimeifuta."

"Basi kifunge kwenye gazeti. Tafuta la michezo."

Nikakifunga ndani ya *Mwanaspoti*, ukurasa wa usajili ukiwa nje, akakiweka kwapani akavuka ua akikohoa kama mtu aliyetoka kuulizia matokeo. Kwa hiyo wale vijana wa kijiwe wakiniuliza tena, nitawajibu kwamba riwaya ya mapenzi ya michezo Tandika ipo, ila kwa sasa ina mtu.