Sifa za Springi Iliyokatika

Wapo waliosifu bahari, wapo waliosifu wali wa nazi. Mimi nasifu springi ya mbele kushoto ya gari langu, iliyokatika mzunguko wa chini kabisa, pale kwenye kikombe ambapo maji na mchanga hujikusanya na kutu ikala chuma bila kupiga hodi.

Sifa yake kuu ni adabu. Tangu ikatike, gari linainama kushoto kama kijana aliyelelewa vizuri anayempa mzee shikamoo, tena halibagui. Likipita kwenye rasta za Barabara ya Morogoro, linaamkia. Likikuta tuta ambalo wakazi wamejijengea wenyewe kwa udongo na vipande vya tofali, linaamkia, na safari hii kwa sauti: kwa! Wazee wanaocheza bao huku Maili Moja wameanza kuitikia marahaba. Mmoja ameniuliza kama nagombea udiwani.

Sifa nyingine ni ndogondogo. Honi siihitaji tena. Waomba lifti wamepungua. Ncha iliyokatika inakwangua tairi taratibu, nami nimezidisha kusali.

Ila siku ya kuibadilisha, adabu yote inakwisha. Springi, hata iliyokatika, imebanwa kati ya kikombe cha shokapu na kiti cha juu, na kinachoizuia ni nati moja ya katikati. Gari liko juu, tairi limetolewa, unadhani imetulia. Haijatulia. Ifungue nati ile kabla ya kuibana springi, chuma kinaruka na taya la mtu. Dawa yake inajulikana: klampu mbili za skrubu ndefu, zikae mkabala, zikazwe kwa zamu kwa spana ya mkono mpaka springi ilegee kwenye viti vyake, ndipo nati iguswe. Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani aliyebuni mfumo huu miaka ya 1940, sidhani kama aliwaza waya wa kufungia nondo.

Nautaja waya kwa sababu ndio niliotolewa gerejini. Ukazungushwa kwenye springi, kisha kijana anayejifunza kazi, kandambili miguuni, akaambiwa aikalie. Aikalie! Nikauliza klampu iko wapi. “Bosi, hii kazi tunaifanya kila siku.” Ndiyo, kila siku, na kila siku anayekalia ni yule yule kijana, hana miwani, hana glovu, hana bima.

Wala fundi hayuko peke yake. Sisi wenye magari tunanunua rimu za kung’aa na spika za kutikisa vioo bila kuuliza mara mbili. Ukitajwa ufundi wa springi tunabembeleza, tunanuna, tunaondoka na kurudi, mpaka bei inayobaki inatosha waya tu. Halafu tunakaa kivulini na soda tukihimiza, “Fundi, fanya haraka.”

Gereji ikikosa klampu, nati ya katikati isiguswe. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Zifunguliwe nati ndogo za juu zinazoshika bodi na bolti za chini. Shokapu itatoka nzima, springi yake ikiwa bado imefungwa, ipakiwe kwenye bodaboda hadi kwa mwenye klampu. Ya kulia nayo ipelekwe, maana hubadilishwa zote mbili. Nauli ulipe wewe, usimkate fundi.