Mikasa ya Mpakani: Saa, Noti na Chungu Mjini Aru

Mkasa wa kila siku, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni tukio dogo lisilojeruhi mtu wala kufikishwa mbele ya chifu, lakini linalomwacha mhusika amesimama mahali pasipo pake, kwa wakati usio wake, akiwa na kitu mkononi ambacho hakuna anayekitaka. Mikasa ya aina hiyo hupatikana duniani kote, na kwa kawaida huzaliwa na uzembe, usahaulifu au haraka. Katika mji wa Aru, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, huweza kumpata hata mtu makini kabisa, aliyeamka mapema, akapiga pasi suruali yake na kuhesabu pesa zake mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Chanzo chake ni kwamba historia na jiografia zimeuweka mji huu mahali ambapo karibu kila kanuni ya maisha ina pacha wake ng'ambo ya mpaka, na mapacha hao hawafanani hata kidogo.

Aru ni makao makuu ya eneo lenye jina hilohilo katika jimbo la Ituri, ambalo mji wake mkuu ni Bunia na ambalo lilipata hadhi ya jimbo kamili mwaka 2015, wakati Jimbo la Mashariki lilipogawanywa. Upande wa pili wa mpaka upo mji wa Arua wa Uganda, na Walugbara wanaishi pande zote mbili, wakioana, wakizikana na kudaiana bila kuijali ramani. Mpaka wenyewe ni urithi wa mikataba ya watu wasiowahi kula bugali, yaani ugali wa hapa. Eneo la Lado, lililokuwa ng'ambo ya mashariki, Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894 kwa muda wa uhai wake, naye alipofariki mwaka 1909 likarudishwa kwa Waingereza, kisha sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Mstari uliobaki unafuata mgawanyo wa maji, yaani mwinuko wa ardhi unaotenganisha mito iendayo Nile na ile iendayo Congo. Kwa nadharia, basi, mama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo upande wa mashariki wa mwinuko huo ameyatuma Misri, na anayeyamwaga upande wa magharibi ameyatuma Bahari ya Atlantiki kupitia mito ya Kibali, Uele na Ubangi. Kwa vitendo, akina mama wote wawili wanachoangalia ni kwamba yasiingie uani kwa jirani.

Kanuni ya kwanza yenye pacha ni saa. Congo, kwa upana wake, ina kanda mbili za saa, yaani sehemu mbili ambazo kila moja inafuata wakati wake rasmi: magharibi hufuata wakati wa Kinshasa, na mashariki, Ituri ikiwemo, hutangulia kwa saa moja. Uganda nayo, pamoja na Kenya na Tanzania, imetangulia kwa saa moja zaidi. Kwa hiyo jua lilelile likiwa utosini, mkazi wa Aru yuko saa moja nyuma ya mfanyabiashara wa Arua anayemngojea, na saa moja mbele ya waziri wa Kinshasa asiyemngojea. Simu za mkononi, zilizotarajiwa kuumaliza utata huu, zimeuongeza, kwa sababu simu iliyo karibu na mpaka hunasa minara ya Uganda na, ikiwa imewekwa ijirekebishe yenyewe, huruka mbele kwa saa moja bila kumuaga mwenye simu. Mtu hulala Congo na kuamka katika saa za Uganda bila kuvuka kizuizi chochote, akakimbilia ibada ya asubuhi, akaukuta mlango wa kanisa umefungwa na mlinzi akimtazama kwa ile heshima wanayopewa wacha Mungu waliopita kiasi.

Juu ya kanda za saa kuna namna za kuhesabu. Desturi ya Kiswahili huhesabu saa tangu macheo, ilhali shule na ofisi, kwa Kifaransa upande huu na kwa Kiingereza upande ule, huhesabu tangu usiku wa manane. Mtu aliyealikwa kwenye karamu ya "saa saba" anaweza, kwa haki kabisa na bila kosa lolote, kufika katika nyakati nne tofauti. Kwa hesabu ya Kiswahili na saa za Aru, ni mchana, jua likiwa limeanza kuinama. Kwa hesabu hiyohiyo na saa za Arua, ni saa nzima kabla ya hapo. Kwa hesabu ya aliyesoma Kifaransa, ni asubuhi, wakati mbuzi wa karamu bado anakula majani. Na kwa hesabu ya mgeni wa ng'ambo aliyesoma Kiingereza, ni alfajiri, wakati mwenye karamu mwenyewe hajafungua macho. Ndiyo maana miadi yoyote iliyo makini mjini hapa hufuatwa na swali la lazima, "Ya hapa ao ya ngambo?", na yule asiyeliuliza hujulikana mara moja kuwa mgeni, hata akiwa amevaa kitenge cha soko la jirani la Ariwara.

Kanuni ya pili ni barabara. Uganda huendesha magari upande wa kushoto na Congo upande wa kulia, hivyo kila dereva anayepita mpaka wa Vurra hulazimika kubadili upande, jambo ambalo kwa maelezo ya mdomo ni rahisi. Tatizo ni kwamba gari lenyewe halibadiliki. Gari lililonunuliwa Uganda lina usukani kulia, na likiendeshwa upande wa kulia wa barabara ya Congo dereva huwa amekaa karibu na mfereji, mahali pazuri sana pa kusalimiana na waenda kwa miguu lakini pabaya pa kuona kama lori linakuja kutoka mbele. Kazi ya kuchungulia humwangukia abiria wa mbele aliye kushoto, ambaye amelipa nauli kamili na sasa amepewa cheo kisicho na mshahara. Abiria mwoga husema "ngoja" hata barabara ikiwa tupu hadi upeo wa macho, abiria jasiri husema "pita" kwa moyo mmoja, na abiria aliyesinzia humfanya dereva ajiamulie mwenyewe, na hapo ndipo waliobaki nyuma huanza kusali. Mwenda kwa miguu naye ana lake: akiwa amezoea kutazama kushoto kwanza, akifika Arua hutazama kushoto kwa uangalifu mkubwa, akajiridhisha, kisha akapigiwa honi kutoka kulia.

Kanuni ya tatu ni pesa, ambayo haina pacha mmoja bali wawili. Faranga ya Congo, iliyoanza kutumika mwaka 1998, shilingi ya Uganda na dola ya Marekani hukaa pamoja katika mkoba mmoja wa mchuuzi, na kila moja ina tabia yake. Faranga huvumilia mengi: noti yake huweza kukunjwa, kulowa na kuungwa kwa gundi, na bado ikanunua nyanya. Dola haivumilii lolote, kwani hukaguliwa kama shangazi anavyokagua posa, hugeuzwa, huinuliwa juani, huulizwa mwaka wake wa kutolewa, na ikigunduliwa kuwa na mchaniko mdogo kuliko ukucha wa mtoto hurudishwa kwa mwenyewe kwa masikitiko. Shilingi iko katikati, na ndiyo inayotajwa mara nyingi katika bei za bidhaa zilizotoka Uganda, hata pale ambapo muuzaji na mnunuzi wote ni Wakongo na wamesimama kwenye ardhi ya Congo.

Mkasa wa kawaida hutokea kwenye chenji, yaani pesa inayorudishwa baada ya malipo. Mnunuzi hulipa kwa shilingi, bei imetajwa kwa dola, na chenji hurudi kwa faranga pamoja na vitunguu viwili vya kufidia pengo lisilo na noti yake. Ingawa noti za faranga 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000 zilitolewa mwaka 2012, noti ndogo ndizo zinazozunguka zaidi sokoni, na mtu aliyebadilisha pesa ya maana huondoka amevimba mifuko yote, akitembea kwa unyenyekevu wa kutaka asionekane, na hivyo akionekana na soko zima. Kinachopunguza uchungu ni matabisi, yaani kile kidogo ambacho muuzaji huongeza bure juu ya kipimo baada ya kuombwa, na ambacho mnunuzi hukihesabu kuwa haki yake ya kuzaliwa. Kopo la maharage hujazwa hadi kilele chake kianze kuporomoka, na ni kilele hicho, wala si kopo, kinachojadiliwa.

Mbali na saa, barabara na pesa, ambazo kanuni zake zimetungwa na watu, liko kundi la nne la mikasa, la chungu, ambalo kanuni zake zimetungwa na maji na moto. Muhogo mchungu, unaostawi vizuri katika nyika za Aru, una sumu ya asili inayoweza kutoa sianidi, kwa hiyo ni lazima ulowekwe siku kadhaa, ukaushwe juani, kisha usagwe, na mara nyingi unga wake huchanganywa na ulezi au mtama ili kupata bugali ya rangi ya udongo ambayo Walugbara huiita enyasa. Hatua ya kukausha ndiyo yenye mikasa, kwa kuwa muhogo huanikwa juu ya majabali na kando ya barabara, mahali ambapo mbuzi hupita akijifanya mkaguzi wa ubora, pikipiki hupita ikiacha vumbi lisilokuwamo katika mapishi, na mvua hunyesha bila kujali saa za nchi yoyote. Wingu jeusi likitokea, mji mzima huinama kwa pamoja kuzoa muhogo, na katika dakika hizo mtu mwenye suti na mwenye kanga huwa sawa, isipokuwa kwamba mwenye suti huzoa polepole zaidi.

Sombe, ambayo ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese au kwa karanga au ufuta uliosagwa, hufuata sheria hiyohiyo: sumu yake huondolewa kwa kutwangwa sana na kuchemshwa kwa muda mrefu, na hakuna mgeni, hata awe amekuja na ndege hadi Bunia, anayeweza kuiharakisha. Mgeni wa mjini anayesema kwamba atakula upesi kisha aondoke huambiwa kwamba chakula kiko karibu, na neno hilo ni la kweli, kwa sababu chungu kweli kiko karibu naye. Sombe inapoiva hatimaye, mgeni hugundua mkasa wa pili, yaani kwamba nyumba mbili nyingine alizoahidi kuzipitia nazo zimepika. Kukataa kula kabisa ni kumwambia mwenye nyumba jambo ambalo hakuna anayethubutu kumwambia jirani, hivyo mgeni hula kidogo kwa wa kwanza, kidogo sana kwa wa pili, na kwa wa tatu huketi mbele ya kilima cha bugali akizungumzia afya ya wazee kwa kirefu.

Mvua iliyoharibu muhogo hulipa deni lake kwa kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa watokao vichuguuni kwa wingi katika majira ya mvua. Kichuguu kizuri huwa na mwenyewe, na mmiliki wake hukilinda kwa bidii ambayo wengine huiwekea nyumba. Wale watokao usiku hunaswa kwa taa iliyowekwa juu ya shimo au beseni la maji, na hapa usawa wa kijamii huvurugika, kwa sababu kumbikumbi hawaheshimu mwenye kichuguu bali mwenye taa kali zaidi. Mtu aliyesubiri mwaka mzima huweza kuwaona wote wakiruka juu ya ua na kwenda kwa jirani aliyefunga taa ya sola, ambaye alikuwa ametoka nje kutafuta kiatu tu. Mbwa, kuku na watoto hujiunga na mavuno hayo bila mwaliko, na asubuhi yake mabawa hutapakaa kila mahali, hata ndani ya chai. Wanaosalia hukaangwa kwa chumvi bila kuongezwa mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe ya kutosha, na sifa hiyo huwafanya wawe chakula pekee mezani kisichodai pesa ya nchi yoyote.

Tofauti kati ya makundi haya inaonyesha kwa nini maisha ya Aru hayajasimama licha ya mikasa yake yote. Saa, upande wa barabara na sarafu viliamuliwa ofisini, kila nchi ikiamua peke yake, na ndiyo maana hugongana mpakani. Lakini muhogo unahitaji kulowekwa vilevile Aru na Arua, sombe haiivi haraka zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kifaransa, na kumbikumbi wa pande zote mbili hutoka baada ya mvua ileile. Wakazi wamelielewa jambo hilo zamani, kwa hiyo mambo yao yaliyo muhimu kweli, kama mahari, matanga na madeni ya ndugu, huyapanga kwa chungu wala si kwa saa: watu hukutana soko likivunjika, huzungumza chakula kikiwa motoni, na huamua wakishanawa mikono. Anayeuliza saa mjini Aru hujibiwa kwa swali, na anayeuliza bei hujibiwa kwa maswali mawili, lakini anayeuliza kama chakula kimeiva hupewa kiti.