Farasi wa Sultani Hakuiona Kilosa

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili wa kupanda. Mmoja alitunukiwa na Sultani Barghash wa Zanzibar, wa pili na mfanyabiashara Mmarekani. Bwana mkubwa sharti aonekane kwa kuangaliwa juu.

Wote wawili walifia Kingaru, hata Morogoro hawajaiona. Stanley alipompasua yule wa Sultani, alikuta minyoo tumboni. Chifu wa Kingaru naye akadai doti mbili za kitambaa cha merikani, kwa kuwa mzoga wake ulizikwa katika ardhi ya chifu bila hodi. Vyema, akajibiwa, farasi atafukuliwa aachwe pale pale alipoangukia. Chifu akaipima harufu ijayo, deni likafutwa.

Katika Bonde la Makata, mlango wa Kilosa, msafara uliingia tope la masika bila farasi hata mmoja.

Wajerumani nao, walipotawala, walikuja na akili yao. Penye mbung'o farasi hupata ugonjwa wa nagana, hukonda, hufa. Basi wakakamata pundamilia, wanaostahimili nagana, kule Kilimanjaro ili wawafunze kazi ya farasi. Pundamilia wakang'ata, wakapiga mateke, na mradi ndio uliotangulia kuchoka.

Leo Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964, pundamilia hula majani kando ya barabara kuu iendayo Iringa, bila hatamu wala tandiko, na dereva anayewagonga hulipishwa faini. Kilosa kinachopandwa ni bodaboda, nayo haiugui nagana. Kuhusu mafunzo ya dereva, abiria huuliza akishashuka.